Taa ya Kucha na Kingamwili ya Sungura

Taa yetu ya maabara iliungua Jumatatu, stima ziliporudi kwa kishindo baada ya kupotea asubuhi nzima. Ilitoa harufu ya plastiki, ikakonyeza, ikanyamaza. Friji ilinusurika, mashine ya kuzungusha vichupa ilinusurika, hata birika la chai la Daktari lilinusurika. Taa peke yake ndiyo iliyokufa, na ndiyo tuliyoihitaji wiki hiyo kuliko kitu kingine chochote.

Maabara yenyewe ilikuwa vyumba viwili nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi mjini Machakos. Tulikuwa wawili. Daktari alikuwa mwanamke aliyeacha kufundisha chuo kikuu ili atengeneze kipimo cha sumukuvu, ile sumu ya ukungu inayoingia kwenye mahindi yaliyowekwa stoo kabla hayajakauka. Mimi nilikuwa kijana wa Kola mwenye digrii ya baiokemia na tabia ya kudai ushahidi hata nikiambiwa chai iko tayari. Mama husema shule ilinipa digrii ikaninyang'anya adabu. Daktari aliniajiri kwa sababu ya tabia hiyohiyo, na siku nyingine nilimwona akiniangalia kama mtu anayetafuta risiti ili arudishe bidhaa dukani.

Ijumaa, wanunuzi wa mahindi wa upande wa Masii wangekuja kukitazama kipimo chetu. Wakikikubali, wangekitumia msimu mzima na maabara ingeendelea kuishi. Wakikikataa, Daktari angerudisha funguo kwa mwenye duka, nami ningerudi nyumbani, ambako jembe langu liko palepale nilipoliacha na mama hajalisogeza, makusudi.

Lazima nieleze taa ilikuwa ya nini, nami nitajaribu kueleza kama nilivyokuja kueleza baadaye mbele ya wanawake waliokuwa wakipakwa rangi ya kucha, maana hao walinielewa kuliko wanafunzi wenzangu wa chuo.

Kingamwili ni protini ambayo mwili huitengeneza ili imkamate adui. Yetu ilitoka kwa sungura, na adui pekee iliyemjua ni sumukuvu. Ina umbo la herufi Y: mikono miwili juu ya kukamatia, mguu mmoja chini. Ili tuione ikifanya kazi kwenye kipimo, ni sharti tuibebeshe rangi. Njia ya zamani ni kutumia kemikali zinazobandika rangi popote zinapogusa. Ni kama kumpa mtu kazi ya kupaka mlango rangi gizani: mlango utapata rangi, kufuli itapata rangi, na mbwa pia. Rangi ikibandikwa kwenye mikono, kingamwili haikamati tena chochote. Tulikuwa tumeharibu nyingi kwa mtindo huo, na kiasi kilichobaki kwenye friji kilikuwa cha kubembeleza.

Ndipo Daktari akaagiza protini nyingine, ndogo sana, iliyokuja kwa kifurushi ikiwa chini ya kichupa kama vumbi ambalo mtu angelipuliza bila kujua. Hiyo ina tabia moja. Hutafuta mguu wa kingamwili na kuukumbatia. Mikono haiigusi kabisa. Mgongoni imebeba rangi. Ikiwa imekumbatia tu, ukiiosha kwa asidi inaachilia. Lakini ukiimulika kwa mwanga wa urujuanimno, ule ulio kando tu ya zambarau, inajifunga moja kwa moja na asidi haiitoi tena. Hivyo ndivyo karatasi iliyokuja nayo ilivyosema.

Nilimuuliza Daktari ni nani aliyehakikisha maneno hayo.

"Waliotengeneza."

"Hao si mashahidi, Daktari. Hao ni wauzaji."

"Basi tutapima wenyewe," akasema, na siku iliyofuata taa ikaungua.

Daktari alipendekeza jua, ambalo Machakos haina uhaba wake. Nilikataa. Jua lingeipika kingamwili kabla ya kuifunga, tena siku hiyo mawingu yalikuwa yakija na kuondoka kama wageni wasiojua watakaa au wataenda. Kulikuwa na taa ya kuulia vijidudu hospitalini, lakini mwanga wake ni mkali wa aina nyingine, wa kuvunja protini vipandevipande. Taa mpya ingetoka nje ya nchi na kufika wakati mimi nikipalilia.

Jumanne nilipita mbele ya saluni iliyo mkabala na kibanda tunachonunulia chai. Kupitia kioo nikamwona mwanamke ameingiza vidole ndani ya kisanduku kidogo cheupe, na kisanduku kinang'aa zambarau. Nilikuwa nimeona visanduku hivyo maisha yangu yote ya mjini bila kuvifikiria. Niliingia, nikaomba kukigeuza nisome chini yake.

Mwenye saluni, mama wa makamo aliyevaa aproni yenye madoa ya kila rangi ambayo kucha imewahi kupakwa, aliniuliza kama nimetoka kaunti kukagua leseni. Nikasema hapana. Akaniuliza basi leseni yake naitakia nini. Nikasema sitaki leseni, nataka taa. Chini ya kisanduku paliandikwa aina ya mwanga wake, na ilikuwa ileile yetu, pamoja na nyingine jirani isiyo na madhara. Sikuiamini lebo. Nilikimbia hadi maabara nikarudi na kifaa cha kupimia mwanga, nikakiingiza mahali pa vidole, nikakiangalia kwa muda. Lebo ilikuwa inasema kweli, jambo lililonishangaza kidogo.

"Umemaliza kuipima presha?" mwenye saluni akaniuliza.

Nilimweleza shida yetu. Alifikiri, akasema nije kesho asubuhi, ila nijue kutakuwa na wateja kutoka Kola, kwa sababu Jumamosi kuna ntheo. Hiyo ndiyo sherehe yetu Wakamba ambapo upande wa mume unaleta mbuzi, wanachinjwa kwa kina msichana na kuliwa, na kuanzia hapo msichana ni mke wa mtu. Bila mbuzi hao, hata mkiishi pamoja mpaka mpate wajukuu, wazee watakuambia mnatembeleana.

Jumatano nilifika na kikasha cha barafu chenye vichupa viwili. Vyote vilikuwa na mchanganyiko uleule: kingamwili ya sungura na ile protini ndogo yenye rangi. Kimoja kingeingia kwenye taa. Cha pili nilikifunga kwa karatasi ya foili ili kisione mwanga hata kidogo. Hicho cha giza ndicho kilichokuwa roho ya jaribio langu. Ikiwa ni mwanga unaofunga, cha kwanza kitashika rangi baada ya kuoshwa na cha pili kitaiachilia. Ikiwa vyote vitafanana, basi maneno ya mwanga ni hadithi ya dukani.

Mwenye saluni alinipa kiti karibu na taa. Nilitia kichupa kwenye kikombe chenye barafu, nikakiingiza ndani, nikabonyeza. Taa ikawaka, na muda si muda ikajizima. Imetengenezwa kwa ajili ya kucha, na kucha haitaki zaidi ya hapo. Mimi nilihitaji muda mrefu. Nikabonyeza tena, na tena, na tena.

Mama wa bibi harusi alikuwa kiti cha pili, miguu kwenye beseni la maji ya moto. Aliniangalia kwa subira kwa muda, kisha akaishiwa nayo.

"Kamwana, hiyo ni damu?"

Nikasema si damu, ni protini iliyotoka kwa sungura.

"Na sungura yuko?"

Nikasema yuko, mzima. Hilo lilimridhisha. Aliuliza kwa nini basi imekaa saluni, na ndipo nikaeleza habari ya mikono na mguu, na kukumbatia, na mwanga. Wanawake wengine waliacha simu zao. Mmoja aliuliza kama protini inaweza kukosea ikakumbatia mkono. Swali zuri, nikasema wauzaji wanadai haiwezi. Akasema hata mume wake hudai mengi.

Mama wa bibi harusi ndiye aliyelimaliza. "Kumbe ni rahisi tu. Saa hii wanakaa pamoja bila ntheo. Ukipita upepo kidogo, kila mtu na njia yake. Hiyo taa ndiyo mbuzi."

Nilitaka kubisha. Nilikuwa nimewahi kumuuliza baba yangu ni kitu gani hasa ambacho mbuzi anabadilisha kati ya watu wawili, akaniambia niende nikalishe ng'ombe. Lakini mfano wa yule mama haukuwa na tundu nililoweza kutia kidole, kwa hiyo nikabonyeza taa tena.

Barafu ikaanza kuyeyuka. Kingamwili ikipata joto inaharibika, nami sikutaka kumuua mgonjwa wakati wa matibabu. Nilimwomba mwenye saluni aendelee kubonyeza nikimbie kwa muuza samaki nikaombe barafu. Alikuwa ndiyo kwanza amemaliza mkono wa mteja. Akasema sawa, nenda.

Muuza samaki alitaka kujua barafu ni ya nini, na nilipomwambia ni ya protini ya sungura alitaka kujua kwa nini si ya samaki. Nilichelewa kuliko nilivyokusudia. Niliporudi, kila kitu kilikuwa shwari. Vichupa vyote viwili vilikuwa vimesimama kwenye barafu iliyobaki, foili imefungwa vizuri, hata vizuri kuliko nilivyoifunga mimi. Mwenye saluni aliniambia kazi yangu ameifanya yote na nisiwe na wasiwasi. Nikamshukuru sana.

Maabara tuliviosha vichupa vyote kwa asidi, tukavimimina kila kimoja kwenye chujio lake, tukazungusha. Chujio hilo huzuia vitu vikubwa juu na kuachia vidogo vipite. Kingamwili ni kubwa, inabaki juu. Protini ndogo ikiwa imeachilia, itapita chini na rangi yake.

Kichupa cha mwanga kilikuwa na rangi ya waridi safi juu ya chujio. Daktari alitabasamu. Kichupa cha giza kilikuwa na waridi safi juu ya chujio. Daktari aliacha kutabasamu.

Mimi ndiye niliyetabasamu. Sikuweza kujizuia. Nilitembea kutoka dirishani hadi kwenye friji na kurudi, nikimweleza Daktari kwamba mwanga haufanyi kazi yoyote, kwamba tumeuziwa gundi yenye hadithi, na kwamba dunia nzima imekuwa ikimulika vichupa bure kwa sababu hakuna aliyejisumbua kuweka kimoja gizani. Nilikaa nikaanza kuwaandikia wauzaji barua pepe ndefu, yenye heshima mwanzoni na isiyo na heshima kuanzia aya ya pili.

Daktari aliniacha mpaka nikafika aya ya nne.

"Usitume," akasema. "Na ufikirie jambo moja. Kama si mwanga, rangi inashikwa na nini?"

Nikasema labda imegandamana tu.

"Labda. Na labda itabanduka mahindi yakiigusa. Mimi siwezi kuwaambia watu wale ugali kwa kutegemea kitu nisichojua kimeshikwa na nini. Tusipojua kufikia kesho jioni, nampigia mwenyekiti wa wanunuzi wa Masii nimwambie wasije."

Ilinichukua muda kuelewa kwamba nilikuwa nikisherehekea kufukuzwa kwangu kazi.

Chini ya kile kichupa cha kifurushi kulikuwa kumebaki tone. Alhamisi nililigawa mara mbili, nikachanganya na kingamwili kidogo, nikarudi saluni. Sitaki kudanganya kwamba nilikwenda nikiwa na mashaka juu yangu mwenyewe. Nilikwenda kurudia jaribio ili liwe bora zaidi kwenye barua pepe. Kazi ikipotea, angalau ningekuwa na haki.

Mwenye saluni aliuliza mambo ya jana yaliendaje. Nikamwambia, kwa upole wa mtu anayempa mwenzake habari mbaya, kwamba taa yake haikusaidia kitu. Kichupa kilichomulikwa na kile cha foili vimetoka sawasawa.

Aliweka brashi chini. Nilidhani amehuzunika, kumbe amekasirika.

"Sasa kwa nini visitoke sawa na mimi nimefanya vyote?"

"Vyote vipi?"

"Vyote viwili. Wewe ulienda ukaacha kimoja hakijafanywa, kimefungwa kwa karatasi kama kiazi. Nikamaliza hiki, nikafungua hicho, nikakifanya pia, muda uleule. Alafu nikafunga kama ulivyokuwa umefunga."

Nilimuuliza kwa nini. Swali hilo lilimchosha zaidi ya mengine yote niliyowahi kumuuliza.

"Mtu akikuja hapa na mikono miwili, mimi nafanya mkono mmoja namwachilia aende? Mimi si fundi wa aina hiyo."

Wateja waliokuwepo walikubaliana naye kwa vichwa. Mmoja alisema kuna saluni karibu na stendi ambayo ingeniachia kichupa nusu bila aibu yoyote, na hapo ndipo nilipopaswa kwenda kama ndicho ninachopenda.

Nilikaa chini. Nilijaribu kueleza kwamba kile cha giza kilipaswa kubaki hivyohivyo, kwamba kazi yake yote ni kutofanyiwa chochote. Mwenye saluni alinisikiliza mpaka mwisho kisha akauliza, "Na hukusema?" Ni kweli sikusema. Chuoni hakuna mtu ambaye angegusa kichupa cha foili. Haikunijia akilini kwamba kuna mahali duniani ambapo kuacha kitu bila kukihudumia ni kumtukana mwenyewe.

Safari hii sikutoka. Nilibana kikasha cha barafu katikati ya magoti, kichupa cha giza kikiwa ndani chini ya foili mbili, nikabonyeza taa kwa mkono mwingine. Barafu ilipopungua, mmoja wa wateja alijitolea kwenda kwa muuza samaki. Mwenye saluni alipita karibu nami mara kadhaa akikiangalia kile kikasha kwa jicho la mtu anayeona mtoto wa jirani hajafutwa kamasi, na kila alipopita nilikibana zaidi. Alisema hajawahi kuona mwanamume anayelinda kitu ambacho hakifanyi chochote kwa bidii namna hiyo.

Maabara tuliosha, tukachuja, tukazungusha. Daktari ndiye aliyefungua mashine. Mimi nilisimama nyuma yake, na ni ajabu kusema, lakini moyoni bado kulikuwa na sehemu iliyotaka vitoke sawa. Kichupa cha mwanga: waridi juu. Kichupa cha giza: juu maji matupu, rangi yote imeshuka chini ya chujio kama isiyokuwa na uhusiano wowote na mtu.

Daktari alichukua vile vichupa viwili vya Jumatano, akaviinua kwenye dirisha, na nikaona anahesabu kichwani. Kichupa kimoja kisingetosha kutengeneza vipimo vya kuonyesha watu. Viwili vilitosha. Tulikuwa navyo viwili kwa sababu fundi mmoja hawezi kuacha mkono wa pili. Karatasi za vipimo zilikuwa tayari tangu wiki iliyopita zikisubiri kingamwili tu. Kufikia jioni tulikuwa tumezipaka zote.

Ijumaa walikuja wanne, na mwenyekiti mbele. Alikuwa mzee mnene mwenye koti la suti na viatu vya shambani, na alikuwa amebeba gunia dogo la mahindi kutoka stoo yake mwenyewe. Aliliweka mezani kama mtu anayeweka kadi ya ushindi. Daktari alieleza: unasaga, unachanganya na maji ya dawa, unachovya karatasi. Mstari wa waridi ukitokea, mahindi ni mazuri. Usipotokea, yana sumu, ambayo imeijaza mikono ya kingamwili kabla haijafika penye mstari.

Alipima mahindi ya mwenyekiti. Tulisubiri. Mstari haukutokea.

Wale watatu wengine wakaangalia dari. Mwenyekiti akaangalia karatasi, akaigeuza, akaiangalia upande wa pili.

"Hii karatasi imekufa," akasema.

Daktari alifungua kinywa kueleza, na nikajua hataweza. Atamweleza habari ya kingamwili na mguu na mwanga, naye atamwona ni mtu anayeuza kitu. Nilijua hivyo kwa sababu ningemwona vilevile. Kwa hiyo nikamwambia mwenyekiti kwamba huenda ni kweli imekufa, na kwamba sisi tusiguse tena. Nikampa karatasi nyingi, vikombe, kinu kidogo, na maji ya dawa. Nikamwomba atume mtu alete mahindi mengine popote anapopajua yeye. Mwenzake mmoja akatoka, akarudi na mahindi ya muuza chakula wa barabarani.

Mwenyekiti alivua koti. Alisaga mwenyewe, akachovya mwenyewe, jasho likimtoka. Mahindi ya barabarani yakatoa mstari. Ya kwake hayakutoa. Alibadilisha vikombe, akidhani tumetia kitu kwenye kimoja. Alichota kutoka chini ya gunia badala ya juu. Alimwambia mwenzake afunge macho na achague. Nilimtazama kwa heshima niliyokuwa sijawahi kumpa mtu yeyote. Alikuwa anauliza kila swali ambalo ningeuliza, na kwa mpangilio uleule. Mahindi ya barabarani, mstari. Ya kwake, hakuna.

Alikaa akavaa koti tena, taratibu, mkono mmoja baada ya mwingine.

"Msimu huu tutatumia hizi," akawaambia wenzake. Kisha akamgeukia Daktari, sauti imeshuka. "Mama, hapa mjini ni wapi mtu anaweza kuchoma gunia la mahindi bila kuku kufika?"